Kinanda cha Pili

Baba Hope,

Ukirudi na fundi kutoka Manzese, mpe chai kisha umruhusu aende. Maharage yapo jikoni, pasha. Kinanda kikubwa ni kizima, na ile programu ya kurekodia usiifute kama ulivyoapa kuifuta.

Ule mlio uliotutoboa masikio asubuhi ulikuwa unatoka kwenye kinanda kidogo. Vyote viwili umevichomeka kwenye kompyuta moja, ila wewe ukahangaika na nyaya za kikubwa tu, ukawaambia wanakwaya sebuleni kwamba mkeo akishafuta vumbi hakuna kitu kinachopona. Ulipotoka kumfuata fundi nikaangalia kile kidogo, nikakuta juu ya kitambaa changu cha kufuma kilichokifunika, chombo cha maua ya plastiki kimelalia vitufe viwili. Nikakiondoa, kukawa kimya.

Maua niliyaweka mie, wageni wanabisha hodi, nikitaka papendeze. ~~Nisamehe.~~ Hilo tutaongea nikitoka zamu.

Kitambaa nimekirudisha. Ukitaka kupiga, kikunje, usikitupe kitandani.

Wanakwaya wanarudi saa tisa. Waeleze mwenyewe kilichotokea, kwa sauti ileile ya asubuhi.

Mama Hope