Miezi Sita Niliyomsomea Shemeji

Jumatano, Ikolo. Mvua haijakatika tangu juzi, na moyo wangu mzito kama nguo iliyoloa.

Leo asubuhi shemeji yangu Ambilikile amechapwa viboko kumi na vitano kwa kuvunja mkataba wa kazi. Mkataba huo nilimsomea mimi.

Mimi ni karani na mkalimani kwenye shamba la mpira la Mjerumani mmoja hapa. Nilijifunza kusoma misheni, ndiyo maana nakaa barazani kivulini wakati wenzangu wanachanja miti. Wakija vibarua wapya, bwana hunipa karatasi niwaeleze kwa Kinyakyusa, kisha kila mmoja huchovya dole gumba katika wino na kulibandika chini yake.

Karatasi inasema siku mia moja na themanini za kazi. Siku ile ya zamu ya Ambilikile, bwana alitazama saa yake akasema, "Waambie miezi sita, inatosha." Nikawaambia miezi sita. Kwetu mwezi neno lake ni moja tu, umwesi, na kila mtu akaelewa ule unaoandama juu ya milima.

Nilijua sivyo. Siku ya kazi ni ile iliyotiwa alama kwenye kipande, kadi anayopewa kila kibarua. Ukiumwa homa, hakuna alama. Jumapili, hakuna. Mvua ikinyesha miti haichanjwi, basi hakuna alama, hata kama ulitoka kwako kabla ya jua, ukasimama bandani mpaka ukaambiwa rudi. Na mvua za huku kwetu zinajulikana.

Niliyajua yote hayo nikanyamaza. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, nami nilitaka bwana aone kwamba mkalimani wake ni mwepesi.

Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine sikuipata.

Mwezi wa sita ulipoisha, Ambilikile alipita kwangu na mkungu wa ndizi. "Ndaga, shemeji," alinishukuru, kazi ameimaliza, sasa anawahi kupanda mpunga, maana dada yangu Tupokigwe ni mjamzito na hawezi tena kuinama. Kipande chake kilikuwa na alama mia moja ishirini na nane. Ningemwambia pale pale. Nilijidanganya kwamba labda bwana hatamkumbuka mtu mmoja kati ya wengi.

Nikapokea ndizi.

Kesho yake majina yakaitwa, lake likakosa mtu wa kuitika. Bwana akasema, "Andika mtoro." Nikaandika. Mtu aliyeaga, akaondoka mchana kweupe, nikamwandika mtoro kwa mkono wangu.

Askari wawili walimkuta kwenye majaruba, matope magotini. Dada anasema hakukimbia. Aliwaamkia, "Mugonile," akidhani wamepotea njia.

Leo afisa wa boma ameshuka kusikiliza mashauri, nami ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Aliuliza kwa nini mshitakiwa aliacha kazi. Ambilikile akajibu kwamba hakuacha, alimaliza miezi sita. Nikatafsiri. Afisa akanyanyua kipande, akaonyesha zilipoishia alama.

Hapo niliacha kutafsiri. Nilisema kosa ni langu, ni mimi niliyemwambia miezi, sikumwambia siku, wala sikumweleza habari za mvua. Bwana wangu alinikazia macho. Nilidhani sasa kitatokea kitu, nitafungwa, au shemeji ataachiwa.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Hili dole ni lake?"

Nikajibu ni lake.

"Basi mwambie hukumu."

Viboko kumi na vitano, halafu arudi kumalizia siku hamsini na mbili. Nikamwambia shemeji yangu hukumu yake, kwa Kinyakyusa safi, bila kukosea hata neno.

Mchana nilikwenda kumwona katika nyumba ya vibarua. Alikuwa amelala kifudifudi, dada amemfunika mgongo kwa majani ya mgomba. Dada hakuniamkia. Ambilikile ndiye aliyesema, "Shemeji, nenda kalete ile karatasi. Nisomee yote."

Nikaileta. Nikasoma polepole, kila mstari, siku, mvua, homa, adhabu ya kibarua atakayeondoka. Nikafika mahali panaposema mwajiri atatoa chakula na nyumba isiyovuja. Tulikuwa ndani ya nyumba hiyo, na dada alikuwa amesogeza chungu chini ya paa kukinga maji.

"Na yeye asipotimiza," Ambilikile akauliza, "anapigwa vingapi?"

Nilitafuta. Nikapitia mistari upya, nikageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Haijaandikwa," nikasema.

Alilaza shavu mkekani.

Jioni hii bwana ameniita. Hakufoka. Alisema kazi yangu ni kusoma kilichopo, si kukifafanua, na kwamba wapo vijana wengi wa misheni wanaojua kusoma. Kesho wanakuja watu thelathini kutoka Makwale. Nikiwaeleza habari za mvua, nitafukuzwa, na atakayekaa kwenye kiti changu atawaambia miezi sita. Nisipowaeleza, nitawaambia mimi.

Nimepiga magoti kusali, nikashindwa kujua niombe nini.

Ee Bwana, kesho nifungue kinywa changu namna gani?