Wimbo wa Danieli Umefika Marekani

Jumapili. Ukungu haujaondoka Lushoto tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu tutoke kanisani.

Mwalimu wa shule yetu alituita kwake, mimi, mume wangu na baba mkwe, tusikilize santuri iliyotoka Marekani. Imetumwa na yule mwimbaji aliyepita hapa mwaka juzi na gitaa lake na mashine ya kunasa sauti. Mwalimu akatusomea maisha ya huyo mwimbaji nyuma ya jalada: mtoto wa mkulima, akaimba kwenye vituo vya treni, akaimba kwenye migomo ya wachimba makaa ya mawe mpaka akapigwa marufuku redioni, na sasa anajaza kumbi. Nikamwonea huruma, masikini. Kumbe!

Wimbo wa tatu ni wangu.

Niliutunga nikilima matuta ya lazima ya Mwingereza, mwezi mmoja baada ya kumzika Danieli wangu, aliyekufa kwa vichomi kabla hajatimiza miaka miwili. Jalada linasema ni wimbo wa kale wa Wasambaa wa kubembelezea watoto. Jina la Danieli, nililoliita ndani ya wimbo, mwimbaji ameliondoa. Labda aliona haliendani na mambo ya kale.

Nisimsingizie mtu. Siku ile alikuja uani kwetu akauliza, kwa heshima kabisa, nani kautunga. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale. Mkamwana hajitangazi mbele ya mkwewe. Hata kuimba niliimba nimempa mgongo. Nikainamisha macho nikasema, "Ni wa wazee." Mgeni akaandika.

Leo nilishindwa kunyamaza. Nikasema mbele ya wote kwamba wimbo ni wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake. Baba mkwe, ambaye aliniona kwa macho yake nikilia na jembe mkononi, akanijibu taratibu: "Mwanangu, wewe mwenyewe ulisema ni wa wazee. Sasa unataka kuwaibia?"

Shikamoo zote nilizompa, miaka yote, na hilo ndilo jibu!

Nina uchungu naye, nina uchungu na Mmarekani. Huko kwao watoto wanalazwa kwa kilio changu, na asubuhi wanaamka.

Nimechukua karatasi nimwandikie. Nimeandika salamu, nimeuliza hali ya wazazi wake, kisha kalamu imegoma. Nitamwelezaje mgeni kwamba nilimkana mwanangu kwa ajili ya adabu?