Mwanzo wa Wali

Ifakara, 8 Februari 2025

Barua uliyoshika imeandikwa na mkono wenye bahati kuliko yote bonde hili la Kilombero. Nimeshapeleka posa kumi na moja, na hakuna hata moja iliyorudi! Lakini kwanza Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Hermenegildi, na shikamoo. Macho yanaendeleaje? Sisi huku wazima, mpunga umesimama vizuri, mbu nao hawajambo.

Mimi ni Marselino, fundi baiskeli. Darasa niliishia la nne, lakini nimekuwa utingo wa malori mpaka Lubumbashi, kwa hiyo dunia hainibabaishi. Ukoo umenituma niwe mshenga. Kijana wetu Beno anaomba kumuoa binti yako Digna. Wameshapendana wenyewe, sisi wengine kazi yetu ni kula pilau. Nangoja jibu, ingawa nalijua.

Mjomba wa Beno,
Marselino

Kiberege, 15 Februari 2025

Mshenga Marselino,

Milele amina, na marahaba. Sijambo, ila macho yanazidi kufifia.

Miaka thelathini nilikaa kwenye mitambo ya umeme Kidatu, na kila gazeti lililonifikia nilijaza fumbo lake. Siku hizi Digna ananisomea vidokezo, tunabishana hadi chai inapoa. Akiolewa, gazeti langu litabaki la kufungia vitumbua. Kwa hiyo nataka kujua anakwenda kwa watu wa namna gani.

Nitakupa vidokezo vitatu. Ukikosa viwili, bahasha yako inarudi. Usinitajie jibu tu, nieleze umelipataje. Digna ameapa hasaidii mtu.

Cha kwanza: Mamba huoga humu, kichwa hulala hapa. Herufi tatu.

Cha pili: Mali iliyovurugwa hutandikwa barabarani. Herufi nne.

Baba Digna

Ifakara, 18 Februari 2025

Mzee wangu, shikamoo. Habari za Kiberege? Huku kwema, isipokuwa Beno hali.

Cha kwanza ni MTO. Mamba anaoga kwenye mto Kilombero, na kichwa changu kinalala kwenye mto wa sufi. Neno moja, kazi mbili! Cha pili umesema mali ivurugwe. Nimezichanganya herufi kama karata, ikatoka LIMA. Huku kwetu ukitaka mali, lima. Vyote nimemaliza kabla sijashusha kikombe.

Beno alimpigia Digna amnong'oneze kidogo. Akajibiwa, "Si una mjomba bingwa? Mng'ang'anie huyohuyo."

Lete cha tatu, na muulize bibi harusi anapenda kitenge cha rangi gani.

Mjomba wa Beno,
Marselino

Kiberege, 24 Februari 2025

Mshenga,

Marahaba. Mwambie kijana ale.

Mto ni sawa, na umeueleza vizuri. Lima si sawa. Kidokezo kina pande mbili: mmoja unakupa herufi, wa pili unakupa maana. Wewe umesoma upande mmoja ukakimbia. Nani ametandika "lima" barabarani? Ni LAMI! Digna aliposikia jibu lako alicheka, halafu akaingia ndani, hakutoka mpaka jioni.

Umebakiwa na kimoja. Mke amemeza mwanzo wa wali, ndivyo tutakavyoitana. Herufi nne.

Baba Digna

Ifakara, 22 Machi 2025

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa kungoja. Usidhani nimekimbia. Najua mwezi mzima unakaribia kwisha tangu uniandikie.

Mwanzo wa wali! Katika bonde hili nani asiyeujua? Nikasema mpunga, ukakataa kuingia kwenye herufi nne hata kwa nyundo. Nikasema mchele. Nikaenda mashineni kwa Ngusa anayekoboa, akaniambia, "Mwanzo wa wali ni jembe, we mzee vipi?" Mteja wake akabisha kwamba ni mvua. Nusura wapigane. Beno amekonda, ananiamkia akiangalia ukuta.

Jana nilikuwa nakula kwa Gladness, mama ntilie wa hapa sokoni. Nje ameweka ubao, ameandika kwa chaki WALI MAHARAGE. Mvua ikaupiga, chaki ikachuruzika, ikabaki W peke yake. Gladness akasema, "Jamani, wali wangu umebaki mwanzo tu!"

Mzee, niliruka nikamwaga mchuzi. Mwanzo wa wali ni W! Ni herufi, si shamba! Nikaandika MKE juu ya meza kwa kidole chenye mchuzi, nikamlisha ile W katikati. M, K, W, E. MKWE!

Halafu nikausoma upande wa pili, kama ulivyonifundisha. "Ndivyo tutakavyoitana." Nikakaa chini. Kumbe jibu la posa ulishalitoa tangu Februari, mimi nalitafuta mashineni? Watu waliniona nalia, wakadhani ni pilipili.

Marselino

Kiberege, 26 Machi 2025

Mkwe wangu Marselino,

Marahaba sana. Ndiyo, nililitoa tangu siku ile, ila nilitaka ulichimbe mwenyewe. Digna alilijua nilipokuwa nakiandika kidokezo. Kiapo chake amekishika, lakini mwezi mzima ametulisha mboga zisizo na chumvi.

Harusi ni baada ya Pasaka. Nina sharti moja: kila Jumamosi uniletee kidokezo ulichotunga wewe.

Tena jirani yangu Fulgensi amesikia habari za mkono wako wa bahati. Mwanawe anataka kuoa kijijini Mkula. Anaomba umpelekee posa, iwe ya kumi na tatu.

Mkwe wako,
Hermenegildi

Ifakara, 29 Machi 2025

Mkwe wangu, shikamoo! Unaendeleaje, na chumvi imerudi?

Huku ni vigelegele tu. Beno amenibeba mgongoni akanizungusha soko zima, mimi na kilo zangu themanini. Gladness katoa wali wa bure, na ubao wake hataki kuuandika upya. Umebaki na W yake.

Kidokezo cha Jumamosi: Yuko mtoni, yuko mkononi mwa mwalimu, na ndiye anayekuandikia. Herufi sita. Nilitaka ungoje, nimeshindwa. Ni KIBOKO! Mnyama, fimbo, na bingwa. Umeona pande tatu hizo? Wewe uliniletea mbili.

Mkwe wako,
Marselino

N.B. Fulgensi nitampelekea posa yake, ila mwambie ukweli kwanza. Zile kumi na moja ni uongo. Ya Beno ndiyo ya kwanza niliyopeleka maishani mwangu.