Kinamasi Kisichotumika

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeshuka Mtowisa kwa lori. Mgongo umekwisha. Joto la huku bondeni si la mtu aliyezaliwa Kaengesa. Kazi yenyewe fomu moja tu: kinamasi kilicho kati ya kijiji na ziwa — kinatumika au hakitumiki? Kama hakitumiki, mwekezaji atajenga tuta, atakausha maji, atalima mpunga. Miaka ishirini na sita ya ubibi shamba, bado natumwa kuuliza maswali ambayo wakubwa wameshapanga majibu yake.

Nimefikia kwa Coleta, mjane, mfuma mikeka.

Jumanne, 5 Machi

Nimezunguka kinamasi tangu asubuhi, maji magotini. Kambale wamepanda kwenye majani kutaga. Korongo wamejaa. Pale mto unapoingia, matete yanazuia mchanga wote unaoshuka tangu watu wafyeke miti kule juu Ufipa. Wakikausha hapa, mchanga huo utaishia kwenye mashamba yao ya mpunga. Nani atalijua hilo? Kwenye fomu hakuna pa kuliandika. Pana "matumizi ya sasa" tu, mstari mmoja.

Basi nikauliza matumizi. Coleta: huko hatuendi, ni majani tu. Nyuma yake kambale wanakaushwa juu ya moto! Nikaenda kwa Bundala, mfugaji wa Kisukuma. Naye: ng'ombe wake hawajawahi kufika huko. Wakati huo nimekanyaga kinyesi chao, kibichi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeelewa. Mwaka juzi alikuja mtu na daftari, akauliza kama mimi. Wakamjibu kwa moyo mweupe. Mwezi uliofuata — ushuru wa samaki, ushuru wa mikeka, ushuru wa kunywesha ng'ombe. Tangu hapo hawajui kitu.

Nikamwambia Coleta, safari hii ukikana ndipo utakapokipoteza kinamasi. Akanitazama kwa huruma.

"Hata yule alisema amekuja kwa faida yetu, bibi shamba."

Ningekuwa yeye, nami nisingeniamini. Nimechoka kuwa mtu wa serikali.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Evaristi akauliza nani anakitumia kinamasi. Haukuinuka hata mkono mmoja. Muhtasari umeandikwa: hakitumiki. Nami natakiwa kuuambatanisha na fomu.

Nikawatangazia kwamba kesho mkuu wangu, Bwana Baltazari, anakuja kukagua mwenyewe. Moyoni nilijiona mjanja. Acha aje aone migono ya samaki ilivyotegwa, ng'ombe walivyotapakaa. Akishaona, muhtasari utamsaidia nini?

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu asubuhi. Migono yote imeng'olewa. Ng'ombe wamepandishwa mlimani tangu alfajiri. Hata vijia vya kwenda majini wamevifunika kwa matete. Kwa purukushani hizo korongo nao wameruka, hayupo hata mmoja.

Coleta amevaa kitenge chake cha misa. Amechoka, miguu ina tope, lakini anatabasamu.

"Tumekusaidia, bibi shamba. Mkuu wako hatakuta kitu tofauti na muhtasari, na wewe hutagombezwa."

Nilitaka kulia. Nimeishia kusema asante.

Land Rover imefika. Naandika nimekaa kwenye kichuguu, nimewapa mgongo. Nyuma yangu Evaristi anamwonyesha Bwana Baltazari maji matupu, na wanawake wanaitikia kwa pamoja: hatuendi, bwana, hatujawahi. Sasa mkuu ananiita. Anataka sahihi yangu kwenye fomu.