Kaburi la Mama Mkubwa

Jumatatu, 4 Machi
Ukaguzi wa vilima vya makaburi ya kale, shambani kwa Mama Mkubwa. Vitatu, vyote salama, uzio umesimama. Trekta la jirani limelima hadi karibu na waya – nimemwambia arudi nyuma, akasema sawa, macho kwenye simu.
Waliolala humo hakuna anayejua majina yao wala lugha yao. Mama Mkubwa anawaita "wageni wangu". Kabla hata ya uzio, mkandarasi wa barabara alipotaka kuyabeba mawe ya vilima hivyo, yeye alipanda juu na ungo wake wa maharage, akakaa anachambua mpaka lori likaondoka. Bila yeye ofisi yetu ya mambo ya kale isingekuwa na cha kulinda.
Leo hakuinuka kitandani. Kanishika mkono, kasema akifa alazwe pale, kwa wageni wake. Nikamwambia ale uji kwanza.

Jumatano, 6 Machi
Amefariki alfajiri.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempigia bosi. Kanipa pole, na pole yake ilitoka moyoni. Halafu: ndani ya uzio hapachimbwi, mifupa imetapakaa hadi nje ya mawe. Najua. Shule zote za huku nimezizungukia kufundisha hilohilo.
Nikamweleza Baba Mkubwa. Hakugomba. Alikuwa anakunja nguo za mkewe, moja moja, vibaya.
"Mwanangu," akasema, "unawalinda wafu usiowajua. Huyu unamjua."
Nikatoka kuteka maji. Mapipa yalikuwa yamejaa.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika ndani ya gari, karibu na geti la uzio. Mazishi ni mchana huu.
Asubuhi nilimwonyesha Baba Mkubwa sehemu nzuri nje ya waya, kwenye mteremko. Vilima vyote vinaonekana. Akasema mkewe hakuomba kuviona, aliomba kulala navyo. Kaka kaninong'oneza: fungua tu, nani atajua? Nitajua mimi. Na nikikataa pia nitajua, kila nikija kukagua.
Wachimbaji wamefika na majembe.
Baba Mkubwa amekuja dirishani. Nilidhani ataniomba ufunguo. Hakuutaja.
"Shuka utuonyeshe," kasema. "Utakapoonyesha wewe, hapo hapo tutachimba. Yeye alikuamini."
Afadhali angenifokea.
Wote wamegeuka kunitazama. Nashuka.