Mama, Baba Neema Amepona

Mama yangu,

Baba Neema amepona. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza asubuhi ile nikivaa viatu niende hospitali, kabla presha haijakuangusha. Nilikujibu kidaktari tu, "Tunamwangalia." Kumbe nilikuwa na hofu kuliko wewe.

Unakumbuka tulivyogombana? Mdogo wake alikuwa amempa figo, nawe ukataka kanisa zima liende kwake Whitehall, huko Columbus, na masufuria ya wali. Nikakueleza kwamba dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo zinaushusha ulinzi wote, hata mafua ya mtoto yanaweza kumuua. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ukanijibu. Nikasema huyu mwenyeji wageni watamzika. Ukaninunia, ukasema Marekani imenimaliza utu. Ndipo nikakusimulia yule mzee wa Louisville, mgonjwa wangu wa kwanza wa figo, aliyeletewa wajukuu wamsalimie na mmoja wao alikuwa anakohoa. Kesho yake ukapanda basi hapo Northland na kiti chako cha kukunja, ukaenda kukaa mlangoni kwa Baba Neema.

Mama, ulikuwa mkali! Mchungaji mwenyewe ulimrudisha, ukamwambia Mungu anasikia hata mtu akiombea ndani ya gari. Wali uliupokea, ukaupasha upya mpaka ukafuka moshi. Katika kazi yangu yote sijapata msaidizi kama wewe.

Kisha homa ikampanda, akalazwa, na wewe ukaondoka. Tulikuzika huku napokea simu za wodini. Ilikuwa kuvu kwenye mapafu. Dawa yake haikupatana na dawa za figo; tukapunguza hii, tukaongeza ile, tukasubiri. Homa ikashuka, figo ikabaki. Nililia ndani ya gari, nikacheka, nikalia tena.

Sasa nafanya kazi Buffalo. Baridi ya huku ungeitukana. Wagonjwa wangu ni wa figo, wa ini, wa saratani ya damu, na ndugu zao nawasimulia habari za yule mzee kabla hawajaninunia.

Jumapili nilirudi Columbus kwenye ibada ya shukrani ya Baba Neema. Amesharudi kazini kwenye ghala, na dawa zake zimepunguzwa. Watu walinawa mikono, wakapanga mstari kumsalimia. Mimi nikabaki pembeni, roho juu. Akaniona, akapaza sauti: "Bon, docteur, ni weye tu hauyanisalimia!"

Kweli, nilikuwa bado sijamsalimia. Nikaenda mwisho wa mstari. Zamu yangu ilipofika nilimkumbatia kwa nguvu, na kwa siri nikamgusa shingo.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi, kila mgonjwa nitakayemzuilia wageni, siku ya kuwaruhusu nitakuwa kwenye mstari pamoja nao. Wewe pumzika sasa. Hana homa.

Mwanao