Nilivyojianika Ukumbini Bucheon

Shoga, uko wapi? Nimejifungia kwenye gari. Nimejiaibisha mimi!

Si unajua ile filamu ya katuni niliyoichora miaka minne, ya wanafunzi wanaoumizana shuleni hadi damu? Leo imeonyeshwa hapa Bucheon, kwenye tamasha la filamu, kisha nikapewa maikrofoni. Na koti langu jipya, nikajitanua: "Yule msichana anayepigwa chooni ni mimi." Makofi! Nikafuta machozi, taratibu, picha zitoke vizuri.

Mwanamke wa safu ya tatu akanyoosha mkono. "Hye-rang, unanikumbuka? Bang Cho-rong, tulisoma darasa moja."

Nikaruka, "Jamani, Cho-rong!" Mjinga mimi nikadhani kaja kunipongeza.

Akasema polepole, "Choo umekichora vilevile, hata ufa wa kioo. Lakini aliyepigwa mle ni mimi. Wewe ulikuwa umeshika mlango."

Umeshika mlango!! Mbele ya watu mia mbili!

Nikataka kusema ananichanganya na mwingine. Ila mkono wangu ulikumbuka kabla yangu. Kile kitasa cha baridi. Shoga, nilikishika kwa mikono miwili. Mimi nilionewa kweli, lakini mwaka uliofuata.

Nikasema kwenye maikrofoni, "Ni kweli. Nilishika." Cho-rong akaitikia kwa kichwa, akaketi. Nikaiweka maikrofoni, nikakimbilia garini.

Na unajua kichekesho? Kwenye filamu yupo mtoto anayeshika mlango. Sikumchora uso. Mwongozaji aliniuliza mara tatu kwa nini, nikamjibu ni sanaa.

Sanaa!